Maiti wa Darasa la Sita

Mwalimu mkuu wetu na mimi tulikuwa watani, na tangu siku niliyoripoti shuleni hapo hatujawahi kusalimiana kama watu wengine. Yeye ni Mzigua wa hapohapo Kwaluguru. Mimi ni mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge, nikazaliwa na kukulia Hale. Basi kila asubuhi mimi namwambia, "Shikamoo, mla makopa ya muhogo," naye anajibu, "Marahaba. Hivi babu yako alipotua mzigo akasahau njia ya kurudi kwao, hakukuwa na mtu wa kumkumbusha?" Walimu wageni walidhani tunagombana. Mmoja alituita pembeni atusuluhishe, maskini ya Mungu, tukamcheka wote wawili.

Ubaya wa utani ni kwamba hujui lini mtu anasema kweli. Mimi nilikuwa na kipimo changu: akianza na babu yangu, anatania. Siku hiyo tulikuwa ofisini tunakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, akasema, "Mwalimu, kile kipindi chako cha sanaa cha Alhamisi tutakiondoa. Darasa la sita linahitaji mazoezi ya hesabu. Nitawaeleza wazazi kwenye kikao." Nikangoja babu yangu atajwe. Hakutajwa. Nikaurudisha muhogo kwenye sahani.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sinyamazi. Nikamwambia kwamba shule hii ina vipindi vya hesabu asubuhi, mchana na jioni, na bado watoto wakiona ubao umejaa namba wanasinzia wakiwa wamesimama. Nikamwambia kwamba kwenye kile kipindi kimoja cha Alhamisi watoto wanafinyanga udongo wa kichuguu, wanapiga ngoma kwenye ndoo za plastiki, wanaigiza, na kwamba yupo mtoto niliyemfundisha miaka miwili nikidhani ni bubu mpaka nilipompa aigize mkwe mkorofi, akatukana vizuri hadi nikamwomba apunguze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa, lakini mtihani hauulizi mkwe mkorofi," akaendelea kumenya muhogo.

Sasa niseme kilichoniuma hasa, maana hakikuwa udongo wala ndoo. Darasa la sita nilikuwa na msichana mmoja aliyekuja shule Alhamisi tu. Siku nyingine zote alikuwa Kabuku, barabarani, na bibi yake, wanauza machungwa na mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi. Bibi ndiye aliyemlea, na miguu ya bibi haikuweza tena kukimbilia dirisha la basi, kwa hiyo miguu ikawa ya mtoto. Nilienda kumfuata mara nyingi. Mara ya mwisho nilimkuta anauza chungwa kwa abiria huku anaigiza jinsi abiria huyo atakavyoumwa na kiu akifika Mkata bila kulinunua, analegea, anashika koo, anaita mama yake. Basi zima lilikuwa linacheka. Nikamuuliza, "Wewe, kwa nini unakuja Alhamisi peke yake?" Akanijibu bila woga, "Siku nyingine mnaandika tu, mwalimu."

Bibi yake naye hakunificha. "Mwanangu," aliniambia, "Alhamisi namwachia kwa sababu akirudi anatuigizia kila kitu, na mimi nacheka mpaka nasahau magoti. Lakini kama siku hiyo nayo ni kuandika tu, hana anachofuata huko. Atabaki na mimi." Alisema bila ubaya wowote, huku anageuza mahindi. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliposema anaondoa kipindi, mimi nilisikia anamwondoa yule mtoto. Na mtoto wa kike wa umri ule akishaondoka shuleni kwetu, anayefuata kumtafuta mara nyingi si mwalimu, ni mwoaji.

Nikarudi ofisini siku ya pili nikiwa nimepoa kidogo. Nikamwomba kitu kimoja: watoto waigize mbele ya wazazi siku ya kikao, na wazazi wenyewe ndio waamue. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Ila mchezo uwe na mafundisho. Uhusu choo bora." Nikasema uhusu nini? Akasema choo bora, nusu ya kijiji bado wanakwenda kichakani, na mgeni rasmi anatoka kata na atapenda kusikia habari ya choo. Basi. Sanaa yote ya darasa la sita ikaangukia chooni.

Nikatunga hivyohivyo. Mzee mmoja bahili hataki kuchimba choo, anasema vichaka alivyoumba Mungu vinatosha. Anaugua kipindupindu, anakufa, mjane analia, majirani wanamlaza kwenye kitanda cha kamba na kumfunika kanga, wanambeba, wanaondoka, mtoto mmoja anabaki anawaambia wazazi wachimbe choo, makofi, mwisho. Hadithi fupi na safi, ingawa haina chumvi. Mzee bahili nikampa yule msichana wa Alhamisi, kwa sababu ndiye pekee ambaye sauti yake ingefika mpaka kwenye viti vya nyuma.

Tabu ikawa kufa. Yule mtoto hakutaka kufa haraka. Alishika tumbo, akaenda kuwaaga majirani mmoja mmoja, akarudi kumwagia kuku mtama, akaanguka, tukadhani amekwisha, kumbe anainuka kuuliza nani atarithi baiskeli yake. Mwalimu mkuu alipita siku moja wakati wa mazoezi, akasimama dirishani, akaangalia saa. "Mwambie afe upesi," akaniambia, "kikao kina ajenda nyingine." Nikamfundisha yule mtoto sheria moja tu: ukishakufa, umekufa, usitikisike hata nzi akikutua puani. Akaahidi. Na niseme haki yake, sheria hiyo aliishika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki ya kikao shangazi yangu akaja kutoka Hale kunitembelea. Shangazi ni mama mnene, mcheshi, sauti kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na kwenye misiba ya Wazigua kuanzia Hale mpaka Segera hakuna asiyemfahamu. Ninyi mnaojua utani mnaelewa. Akifa Mzigua, Mnyamwezi hakai kulia kwenye mkeka kama watu wengine. Ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anawatukana wafiwa, anakamata kuku wa watu, anazuia maiti isitoke mpaka wamkomboe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo dawa yenyewe. Msiba ambao mtani yupo na amenyamaza, watu wanarudi nyumbani wanaulizana kuna kisa gani.

Haya yote nayajua tangu utotoni. Nimeona shangazi akilala mlangoni mwa watu na kugoma kuinuka. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa vyoo, na siku ya kikao nikamchukulia kiti nikamweka mstari wa mbele kabisa, aone vizuri. Nikamwambia, "Shangazi, huu ni mchezo tu wa watoto." Akanitazama kama nimemtusi. "Kwani mimi mtoto? Mchezo naujua."

Wazazi walijaa uwanjani mbele ya madarasa. Mwalimu mkuu alikuwa meza kuu amevaa suti yake ya bluu, pembeni yake mgeni rasmi, na mbele yao chupa za maji zilizopangwa. Yule bibi wa Kabuku naye alikuja, amekaa kwenye kanga chini na magoti yake kayanyoosha. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la shuka, jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo, maana nilijua mchezo huu ukiharibika, Jumatatu yule mtoto yuko Kabuku, Alhamisi yuko Kabuku, na mwakani sijui yuko kwa nani.

Ukaanza vizuri sana. Mzee bahili alitoka na kanzu inayomburuza na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, akavinyooshea vichaka mkono akavisifu kimoja kimoja, na wazazi wakaanza kucheka wakitazamana, kwa sababu kila mmoja alimtambua jirani yake. Akaugua. Akaanza kufa. Alikufa kwa muda uleule tuliokatazana, na baiskeli akaitaja, lakini watu walikuwa wameshikilia mbavu na hata mgeni rasmi alikuwa ameweka chupa chini. Hatimaye akatulia. Wakamlaza kitandani, wakamfunika. Mjane, kasichana kadogo kenye sauti nyembamba, akapiga yowe moja la kweli: "Mume wangu jamaniii! Kaondoka mzee wa Kizigua!"

Hilo la Kizigua mimi sikuliandika. Alilitia mwenyewe, kwa utamu.

Nikasikia kiti kinaanguka. Nikachungulia. Shangazi alikuwa amesimama, kandambili mkononi, anakwenda mbele. Nikasema moyoni, toba, labda anatafuta choo. Hapana. Akafika kitandani, akamvua marehemu kofia, akaivaa yeye, akaanza kutembea mwendo wa mzee bahili anayetafuta kichaka: kiuno kimepinda, jicho huku, jicho kule, kanga ameikusanya mkononi. Uwanja ukalipuka. "Mtani kafika!" mzee mmoja akapiga kelele nyuma. "Msiba sasa una mwenyewe!"

Watoto wangu wakasimama kama wamepigwa picha. Mjane aliacha kulia akageuka kutazama pazia. Nami kutoka nyuma ya shuka nikampungia mkono, endelea, endelea. Aendelee na nini? Maneno tuliyokariri yote yalikuwa yamekwisha. Wabebaji wakafanya walichokumbuka, wakainua kitanda waondoke. Shangazi akajilaza chini mbele yao, kifudifudi, mikono kaitandaza. "Haendi mtu!" akasema kwa ile sauti ya ng'ambo. "Mnampeleka wapi bila choo? Huko anakokwenda vichaka vya nani? Leteni jogoo, la sivyo tunalala naye hapa mpaka anuke!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaona kipindi kinakufa mbele ya macho yangu. Mwalimu mkuu akainuka meza kuu, uso umekaza, mkono mmoja juu kama anavyonyamazisha paredi. "Mama," akaanza, "tunaomba—"

Shangazi akainua kichwa kutoka mavumbini. "Wewe ndiye kaka wa marehemu?" Akamkagua kutoka juu mpaka chini. "Jamani wafiwa, mtazameni huyu! Ndugu yake kafa kwa kukosa choo, yeye kavaa suti, anakunywa maji ya chupa!"

Watu walicheka, halafu wote wakamgeukia mwalimu mkuu, wakingoja. Kila mtu pale alijua kinachotakiwa. Mzigua akitukanwa na mtani msibani haruhusiwi kukasirika, na hawezi kunyamaza, maana akinyamaza ameaibisha ukoo. Nilimwona anamtazama mgeni rasmi. Nilimwona anaitazama ajenda yake. Kisha akavua koti, akalikunja taratibu, akaliweka juu ya meza, akatoka mbele.

"Enyi watu wa mkonge," akasema, na haki ya Mungu sauti ile sikuwahi kuisikia ofisini, "tangu lini mkajua choo? Nyie si ndio mlipokuja mkaoneshwa mlango wa choo mkabisha hodi, mkasubiri mkaribishwe mkae?" Jamani! Wanawake walianguka kwenye mikeka yao. Shangazi akamrushia vumbi. Akamwiga babu wa mwalimu mkuu akinyemelea makopa ya jirani, naye mwalimu mkuu akamwiga babu yangu amebeba mzigo, anauliza njia kwa punda. Alikuwa anazunguka uwanja mzima amebeba kiti kichwani, mwalimu mkuu, mtu ambaye akicheka ofisini tunaandaliana sherehe. Alikuwa mwigizaji kuliko sisi sote. Nilikuwa nimetoka nyuma ya pazia bila kujua.

Hapo ndipo maiti akaketi.

Akaketi taratibu, kanga ikamteleza, na mtoto mmoja mdogo wa darasa la kwanza akakimbilia kwa mama yake analia kwa hofu ya kweli. Yule msichana wangu akatazama huku na huku, akapangusa pua, akasema kwa sauti ya mzee bahili, "Nimelala hapa nawasikiliza. Mnagombana tu, choo hamchimbi. Mimi sizikwi! Nishusheni nikachimbe kwanza, ndipo nife vizuri!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mzee mmoja alikwenda mwenyewe nyumba ya jirani akarudi na jogoo, sijui wa nani, akamkabidhi shangazi. Mtu akaleta jembe kutoka bustani ya shule, akampa mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu akachimba! Katikati ya uwanja wa paredi, na shati lake jeupe, huku maiti amesimama juu yake na kanzu inayoburuza, anamsimamia: "Ongeza kina, kaka! Mimi nilikufa kwa uvivu huohuo!" Bibi wa Kabuku alikuwa amelala ubavu pale chini, anapiga ardhi kwa kiganja, hawezi kusema.

Kikao kilipoanza hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Mwalimu mkuu, vumbi mpaka kwenye masikio, akasoma ajenda mpaka akafika kwenye kipindi cha sanaa. Mama mmoja akasimama bila kuitwa akauliza, "Kwani ni nani anayetaka kukiondoa hiki?" Mwalimu mkuu akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, anamtafuta huyo mtu pamoja nasi. Hakuonekana. Ajenda ikapita.

Nilimkumbatia shangazi mpaka jogoo akanipiga bawa. Nikamuuliza, "Shangazi, si nilikwambia ni mchezo?" Akaniambia, "Maiti ndiyo ya mchezo. Utani wangu si wa mchezo. Ningekaa kitini Mzigua anazikwa, Hale ningerudi na uso gani?" Kwa mbali nikamwona mwalimu mkuu amechuchumaa mbele ya bibi wa Kabuku, wanaongea, yeye anaonesha shule kwa mkono, bibi anatikisa kichwa, kisha anacheka tena. Sikusikia walichosema na sikujali. Nilikuwa nimeshinda.

Jumatatu asubuhi nikaingia ofisini natamba. "Shikamoo, mchimba vyoo." "Marahaba," akasema, na bila kumtaja babu yangu akaendelea: "Mwalimu, kipindi cha sanaa kimebaki. Ila nitakifundisha mimi."

Nikadhani sikusikia. "Wewe?"

"Mimi. Nina mawazo mengi. Wewe utachukua hesabu zangu za la sita."

Hebu niambieni, mngefanya nini? Nilipigania kile kipindi kama mtu anayepigania shamba la urithi, nikakiokoa, akakibeba. Nikamwita mwizi, nikamwita mla makopa, nikarudia la mwizi. Akafurahi tu. Nikachukua chaki nikaenda darasa la sita nimenuna mpaka wanafunzi waliponiamkia nikaitikia kwa shingo. Somo lilikuwa hesabu za sehemu, kitu ambacho hata mimi nikiwa shule sikukipenda. Nikaandika robo, nikaandika theluthi, nikavunja chaki.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa yule msichana. Sare imefuliwa, begi la mgongoni limebanwa kwa pini, pumzi inamwenda juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nikamtazama. "Leo Jumatatu. Umepotea siku?"

"Hapana. Mwalimu mkuu alimwambia bibi kwamba anafungua kikundi cha maigizo, na mimi ndiye mkubwa wake." Akavuta pumzi. "Lakini amesema asiyekuja Jumatatu mpaka Ijumaa, Alhamisi hafi."

"Na bibi amesemaje?"

"Amesema niende, machungwa nitauza Jumamosi. Anataka kuniona ninakufa tena."

Nikamwambia akae mbele. Akakaa, akatoa daftari jipya, akanyoosha ukurasa wa kwanza kwa kiganja. Nami nikageukia ubao upesi upesi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitiririka, na sikutaka darasa zima lidhani kwamba hesabu za sehemu zinamliza hata mwalimu.